Bitana Nyeupe ya Bawa la Kushoto

Tarehe 8 Juni, siku ya Jumamosi, nilimpoteza mume wangu. Alifariki asubuhi nyumbani kwetu Nanyala, mimi nikiwa Msangano kwa mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Siku moja kabla alikuwa Igamba, akilaza kitambaa juu ya bawa la kushoto la ndege ambayo hakuiona ikiruka. Kitambaa hicho kilipaswa kubanduliwa kesho yake. Kilibaki pale mpaka Agosti. Nitaeleza habari za kitambaa, maana za mume wangu mwenyewe bado sijaziweza.

Alikuwa fundi wa faiba. Tunduma wanaijua kazi hiyo kwa sababu ya malori. Foleni ya mpakani ikibana, madereva hugusana, na kila wakigusana kuna bampa iliyopasuka, au lile kofia la juu linalokata upepo. Yeye alikaa kando ya maegesho na ndoo yake ya resini, gundi nzito kama asali inayokauka ikawa jiwe, pamoja na matambara ya nyuzi za kioo. Alilowesha nyuzi kwa resini, tabaka juu ya tabaka, na lori likaondoka na uso mpya. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya, na suti za maharusi zinapopatikana. Nyumba yetu ilikuwa na harufu mbili, ya resini na ya pasi ya mkaa, na wageni walizoea.

Mzee mmoja wa Igamba alikuja kutengenezewa bampa. Alikuwa fundi wa ndege maisha yake yote, amestaafu, amerudi kwao kwenye kahawa. Alikaa juu ya tairi akimtazama mume wangu akifanya kazi. Mwisho akasema, "Kijana, mkono wako mwepesi. Njoo unisaidie kitu ambacho kikiharibika huwezi kukiegesha pembeni."

Kumbe ghala la kahawa la baba yake hakuliwekea kahawa. Ndani yake alikuwa anaunda ndege ya watu wawili, kwa kibali, na mkaguzi alikuwa anakuja kutazama hatua kwa hatua. Ndege yote ilikuwa ya faiba. Mume wangu alirudi siku hiyo akala kidogo, akalala mapema, na asubuhi akaniambia, "Mama, ile kazi ya malori nilikuwa najifunza tu."

Sasa kitambaa. Anayekandika nyumba ya udongo anajua kwamba tope jipya halikai juu ya ukuta uliokauka ukiwa laini. Lazima ukwaruze kwanza. Faiba ni hivyo hivyo. Tabaka likikauka linang'aa kama sahani, na utakachobandika juu yake kitashika kwa unafiki. Unaweza kusugua kwa msasa, lakini msasa unakula nyuzi na vumbi lake linawasha mpaka rohoni. Kwa hiyo mafundi wa ndege, resini ikiwa bado mbichi, wanalaza juu yake kitambaa cha kubandua. Kikikauka pamoja na kazi, unakivuta chote, na chini yake unapata uso safi wenye alama za kusuka, ulio tayari kupokea tabaka jingine. Ukichelewa kukivuta hakuna neno. Kinalinda kazi dhidi ya vumbi na mikono ya watu mpaka siku unayokihitaji.

Mzee alikuwa na kitambaa cha kiwandani kilichotoka nje. Kiliisha, na kuagiza kingine ilikuwa safari ndefu. Akasema tutafute cha hapa, lakini kila kitakachopatikana kijaribiwe kwanza kwenye kipande cha faiba, kamwe si kwenye ndege. Ndivyo mimi nilivyoingia. Mume wangu alimwambia, "Mzee, mimi vitambaa sivijui. Ila nimeoa anayevijua."

Tulianza na marekani, kwa sababu ilikuwepo. Pamba inakunywa. Ilikunywa resini ikawa sehemu ya kazi, na mume wangu akaivuta mpaka akakaa chini kwa makalio. Kitenge kilitoa rangi. Chandarua kilitoka vizuri, lakini kiliacha matuta kama shamba la viazi. Nikaleta kitambaa cha mwavuli. Hicho kilitoka chote kwa mkupuo mmoja, bila ubishi wowote, na mume wangu akapiga makofi.

Mzee hakupiga makofi. Alichukua kikombe cha maji akamwaga pale kilipotoka. Maji yakajikusanya, yakawa vidonge vidonge, kama umande juu ya jani la mgimbi.

"Mnaona?" akasema. "Kitambaa hiki kimetiwa dawa ya kuzuia mvua. Chenyewe kimeondoka, dawa yake imebaki. Chochote nitakachobandika hapa kitabanduka siku nisiyotaka. Kitambaa kizuri lazima kikatae kidogo."

"Kama mchumba," mume wangu akasema.

"Mimi sikukataa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nasema kidogo."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumbani nilikuwa na bitana nyeupe iliyobaki kwenye suti ya bwana harusi. Nilichomoa uzi nikauwasha. Uzi wa pamba unaacha majivu. Huu uliyeyuka, ukajikunja ukawa shanga ngumu nyeusi. Kwa hiyo haukuwa wa kunywa. Kitambaa chenyewe hakikuwa na rangi. Nililamba kidole nikagusa kitambaa, na mate yakaingia papo hapo, kwa hiyo dawa haikuwepo. Nilikifua kwa maji ya moto bila sabuni ya kunukia, nikakianika, mume wangu akakipeleka Igamba. Jioni alirudi na kipande cha faiba mfukoni. Alikiweka juu ya cherehani yangu akadondoshea maji. Maji yalilala, yakasambaa mpaka kingo, yakawa kama hayapo. Chini yake ulionekana ususi wa bitana, mdogo mdogo kama mkeka wa sisimizi.

"Gusa," akaniambia. Nikagusa.

Bitana ile ilitoka kwenye duka moja la Tunduma ambalo wateja wake wakubwa ni maseremala wa majeneza. Wanaitandika ndani. Tulipokwenda kununua jora zima, mwenye duka alimtazama mume wangu kwa huruma.

"Shemeji, pole. Mmefiwa na wangapi?"

"Hatujafiwa. Ni ya ndege."

"Ya nini?"

"Ya kuundia ndege. Huko Igamba."

Mwenye duka aliita watu wa duka la pili waje wasikie. "Jamani, hawa wanaunda ndege kwa bitana ya majeneza! Shemeji, hapo umepunguza gharama. Ikianguka, abiria wamekwisha kuandaliwa."

Mume wangu alicheka kuliko wote. Mimi sikucheka sana. Lakini sitasema kwamba niliona kitu mbele, maana sikuona. Nilifikiria tu namna ya kubeba jora lile mpaka stendi.

Tuliifanya kazi ile kwa misimu miwili. Siku ambazo sikuwa na sare za kushona nilikwenda naye Igamba. Yeye alilaza, mimi nilibandua. Kila alipolaza kitambaa aliacha pembe moja kavu bila resini, akaikunja juu ili mvutaji apate pa kushika. Tuliiita sikio. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mwanzoni sikio lilipokuwa kulia nilivuta vibaya, nikakichana kitambaa katikati. Mume wangu akaanza kuliweka kushoto. Mzee aliuliza kwa nini, maana yeye alizoea kulia. Akajibiwa, "Nimeoa mtu wa kinyume, mzee. Ndege itavumilia." Toka hapo masikio yote yalikuwa kushoto. Nilishika, nikavuta chini chini bila kuinua, na bitana ikatoka ikilalamika kama mfuko wa saruji unapochanwa. Sauti hiyo niliipenda. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mwezi wa tano jora lilikwisha. Duka letu lilikuwa halina, tukavuka mpaka tukaingia Nakonde. Mama mmoja alitupokea kwa salamu ya kwao, "Mwapoleni mukwai," na kiti, akatutolea bitana nyeupe, akaapa kwamba ndiyo ile ile. Ilikuwa inang'aa zaidi kidogo. Nililamba kidole nikagusa. Mate yalikaa juu kidogo, ndipo yakaingia.

"Hii imechelewa kunywa," nikamwambia mume wangu.

"Imechelewa, lakini imekunywa."

"Ile ya kwanza haikuchelewa."

"Basi ifue. Nitaijaribu kwenye kipande kabla haijagusa bawa."

Niliifua kwa maji ya moto mara mbili. Ilikuwa bado kwenye kamba simu ilipopigwa kutoka Msangano kwamba mama amezidiwa. Nilifunga mzigo nikaondoka. Mume wangu alinisindikiza mpaka barabarani, na tulipokuwa tunangoja gari alizungumzia mvua na bei ya mchele wa Msangano. Hakuna jingine alilosema. Watu huniuliza.

Yaliyofuata nayajua kwa kinywa cha wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa nyumba ya pili na yetu. Alisema Ijumaa alirudi Igamba amechoka, akala kwake ugali na maharage, akasema bawa la kushoto limelala vizuri. Jumamosi asubuhi alitoka kupasua kuni. Akaacha shoka, akakaa kizingitini, akamwita dada yake, akasema kichwa kinamuuma sana upande mmoja. Wifi alikwenda kuchota maji. Aliporudi alikuta ameegemea mlango. Hospitali walisema ni presha. Hakuwahi kupimwa presha.

Nilifika mchana nikakuta turubai limefungwa. Nilipoliona kutoka barabarani nilidhani ni kwa jirani.

Jumatatu tulimzika. Kabla ya kufunga, waliniita nimuage. Nilimtazama uso, nikashindwa kuutazama, macho yakashuka kwenye kitambaa alicholalia. Kilikuwa bitana nyeupe. Nilikishika kwa vidole viwili, kama ninavyoshika kitambaa dukani, na nikakijua. Si ya Nakonde. Ya aina ya jora la kwanza, ya lile duka la Tunduma. Seremala aliinunua pale kabla haijaisha, kama maseremala wengine. Wifi alinishika mkono akidhani naanguka. Sikuwa naanguka. Nilikuwa nakumbuka jinsi alivyocheka dukani.

Baada ya siku za maombolezo ndugu walikaa wakagawa vitu vyake. Koti la kazi lilikwenda kwa mdogo wake, viatu kwa mpwa wake, vifaa vya faiba kwa fundi mwenzake wa Tunduma. Waliniuliza ninataka nini. Nikasema sitaki kitu. Ilikuwa kweli kwa siku ile.

Mzee wa Igamba alikuwepo msibani, lakini kuhusu kazi hakusema neno. Kwetu, kazi iliyoachwa njiani na marehemu, hata iwe shamba lililolimwa nusu, mtu wa nje haiendelezi mpaka mtu wa nyumba yake ameigusa kwanza. Mzee ni mtu wa huku, anajua. Alilifunika bawa kwa maturubai ya kuanikia kahawa akangoja.

Alikuja mwanzoni mwa Agosti. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za mama yangu, na aliposikia amepona akamshukuru Mungu. Ndipo akasema.

"Mama, bawa la kushoto bado lina kitambaa. Nataka kuuliza jambo moja, na uniambie ukweli. Bitana ile ilikuwa ya jora lile la kwanza?"

"Hapana," nikasema. "Ni ya Nakonde. Ilichelewa kunywa. Niliifua mara mbili."

"Aliijaribu kwenye kipande?"

"Alisema ataijaribu. Mimi nilikuwa nimeondoka."

Mzee alitazama kikombe chake. "Nimetafuta ghala zima. Vipande vyote vya majaribio alikuwa anavipanga dirishani. Cha bitana hii sikukiona."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi kujua mpaka tubandue tumwage maji. Yakilala, kazi ni njema. Yakijikusanya, bawa hilo siwezi kulipeleka hewani. Nitalikata."

"Si usugue kwa msasa?"

"Dawa ya kitambaa haiondoki kwa msasa, mwanangu. Inapakazwa tu."

Wifi akaingia ndani kabisa. "Mzee, samahani. Ndugu yangu hata kaburi lake halijajengewa, unataka kumwagia kazi yake maji umpime? Kwani lazima? Liache lilivyo. Weka hapo, tengeneza jingine. Nani anataka kujua?"

Kuku aliingia, wifi akamfukuza kwa hasira ambayo haikuwa ya kuku.

"Mimi nataka kujua," nikasema.

"Wifi, wewe! Na yakijikusanya?"

"Nitakuwa nimejua."

Sikuwa jasiri. Usiku na mchana nilikuwa naliwaza bawa lile chini ya maturubai. Kazi ya mwisho ya mikono yake ilikuwa imefunikwa na kitambaa nilichokitilia shaka mimi mwenyewe, na mtu wa kumuuliza alikuwa chini ya udongo. Watu walikuwa wanasema alikuwa fundi mzuri, na kila waliposema niliona aibu, kama vile nimeficha kitu. Nilitaka asifiwe kwa haki.

Tulikwenda Igamba asubuhi yenye baridi kali. Kahawa ilikuwa inavunwa, njia nzima inanuka maganda. Wifi alikuja pia, amejifunga khanga kichwani mpaka macho tu, na njiani alisema mara nyingi kwamba tunakwenda kutazama takataka. Mzee alifungua ghala akaondoa maturubai, akarudi nyuma.

Bawa lilikuwa limelala juu ya meza ndefu, na bitana imelikamata lote, imekauka, ina rangi ya maziwa. Hapakuwa na kipovu. Hapakuwa na mkunjo. Nilizunguka meza polepole nikitafuta sikio, na niliogopa kulikuta kulia, kwa sababu siku ile mimi sikuwepo, nilikuwa mbali, alikuwa anafanya kazi peke yake na kesho yake angebandua mwenyewe au mzee angebandua. Wote wawili wanatumia kulia.

Sikio lilikuwa kushoto.

Labda ni mazoea tu ya mkono. Nimejiambia hivyo na ninaendelea kujiambia.

Nililishika. Bitana ilikataa. Nikavuta chini chini, ikakataa tena, nikaogopa kwamba imenata kwa muda wote ule, kisha ikaanza kutoka na ile sauti yake. Wifi aliposikia sauti akafunika mdomo. Nilivuta mpaka katikati mikono ikaishiwa nguvu. Wifi akaja bila kuitwa, akashika kando yangu, tukavuta pamoja mpaka mwisho, kitambaa kikawa mikononi mwetu, kigumu kama ngozi ya kukaushwa juani.

Mzee alileta jagi. "Nani?"

"Wewe," nikasema.

Alianzia shinani mwa bawa. Maji yalishuka, yakalala. Yakasambaa mapana na membamba, yakaenda mbele kama yameitwa. Mzee alisogea na jagi, akimwaga kidogo kidogo, na maji yakawa yanalala kila anapopita. Kisha akafika kwenye pembe, pale nilipoanzia kuvuta, na hapo maji yakarudi nyuma. Yakawa vidonge vitatu vinne, vimesimama.

Wifi alianza kulia kimyakimya ndani ya khanga.

Mzee aliinama akatazama kwa muda. Akatazama pembe, akatazama mikono yangu. Msimu ule wa baridi huku kwetu mikono inapasuka, hakuna anayetoka nyumbani bila kujipaka.

"Mama, umejipaka mafuta?"

Nikaitazama. Ilikuwa inang'aa. "Nimejipaka. Mafuta ya mgando."

"Ulipobandua ulishika hapa?"

"Nilijishikilia hapo."

Alichukua kitambaa safi akakitia spiriti, akafuta pembe ile, akangoja ikauke. Akamwaga tena. Maji yalilala mpaka ukingoni, yakajaa, yakaanza kudondoka chini sakafuni.

"Dawa ya kitambaa isingefutika kwa spiriti. Doa lile lilikuwa lako," mzee akasema. "Si lake. Lake ni bawa hili lote."

Nilikaa juu ya gunia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo hata kaburini sikulifanya, na mzee akatoka nje akasimama kwenye mibuni yake. Wifi alibaki. Maji yalikuwa yanadondokea miguu yake na hakuisogeza.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwomba mzee kile kitambaa. Akasema ni changu. Nilijaribu kukikunja, hakikunjiki, resini ilikuwa imekishika. Tukakiviringisha kama mkeka, sikio likabaki nje, mzee akakifunga kwa kamba ya katani. Nilinyoosha mkono nikichukue. Wifi alikuwa ameshakitia begani. Alikibeba yeye mpaka barabarani, na gari la Nanyala lilipokuja kondakta akasema mzigo huo uwekwe juu, wifi akamwambia hauwekwi juu, akaupakata.